Mfuko wa Ndani

Kiwanda cha minofu kilipotupunguza
tulirudisha buti, tukapewa barua.
Mikono yangu ilinuka sangara mpaka Kwaresma ikaisha,
na shoga yangu Nshoma, nilipomwambia nataka kushona,
aliziba pua kwa kanga:
"Bibi harusi gani atakupa shela?"

Cherehani nilimnunulia mjane wa fundi Manyilizu,
laki na themanini za kikoba,
na juu yake sahani sita za udongo, maana pesa ilipungua.
Kipepeo cha dhahabu ubavuni kimefutika bawa moja.
Vijana wawili walinipandishia Igogo,
jiwe kwa jiwe, wakipokezana,
kama wanaopandisha mgonjwa.

Nyumba yetu imekaa juu ya jabali,
na jabali halikumuuliza mtu habari za usawa.
Mguu mmoja wa cherehani ukaning'inia.
Nikaichukua barua ya kiwanda, nikaikunja mara nne,
nikaisukumiza pale chini.
Ikatulia.

Kwandu, mwanangu, akaandika mlangoni kwa chaki: FUNDI YUPO.
Wiki mbili fundi alikuwepo.
Mteja ndiye hakuwepo.
Nilishona pazia, nikalifumua, nikalishona tena,
nikakata kola ya sare ya Kwandu, shingo mbili kushoto,
akaivaa hivyohivyo shuleni, akaniambia hakuna aliyeona.
Niliujua uongo wake. Nilimpenda zaidi.

Kisha usiku mmoja umeme umekatika
akaja Mama Nyabise, mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni,
mikono mitupu, bila hata kipande cha kitambaa.
Akafunga mlango mwenyewe. Akainua kitenge:
"Nishonee mfuko hapa, ndani ya shimizi.
Usionekane nikikaa, usionekane nikiinama,
asiujue hata anayenivua."

Nilishona kwa koroboi, pedali ikilia kwi, kwi,
na wale wadudu wa ziwani, wanaopanda kama moshi,
wakaja kufia kwenye mwanga.
Mmoja nilimshonea humo pindoni, nikamwacha.
Mama Nyabise aliingiza mkono, akautoa, akauingiza tena,
akacheka kama msichana.
Elfu mbili, taslimu.

Siku ya tatu walikuwa wanne.
Sikuandika tangazo, na wao hawakumwambia mtu,
walivyodai.
Sasa nawajua wanawake wa soko lile kwa inchi:
huyu anaficha ya mzigo wa kesho,
yule ada ya mtoto ambaye baba yake amesema asisome,
na mmoja, simtaji, alitaka mfuko mdogo kabisa,
unaotosha nauli ya kurudi Ukara na si zaidi,
na kila akipita dirishani namtazama kiunoni
nijue kama bado yupo nao.

Nimekuwa fundi kweli, kwani nimeanza kudanganya.
"Njoo kesho, vimebaki vifungo tu,"
na kitambaa chenyewe sijakigusa mkasi.
Daftari la madeni lina majina kumi na moja;
la Nshoma ndilo la kwanza.
Gauni la kitchen party. Pua haikuzibwa.

Ngusa anarudi jioni toka kwenye kokoto,
nyundo begani, vumbi jeupe kwenye kope.
Si mtu mbaya. Anakaa, ananawa, anauliza:
"Leo umeingiza ngapi?"
Jana nilimtajia yote.
Juzi nilimtajia yote.

Leo, kabla hajafika, nilitoa ovaroli langu la kiwandani,
jeupe, bado lina namba yangu kifuani,
nikakata kipande kwenye mgongo, pasipochakaa.
Nikajipima kwa futikamba, pumzi nimeibana.
Nikachora mstari kwa chaki.
Nikautazama.
Nikaongeza inchi mbili.